Barua moja haitoshi kwa wasomaji wawili

Nina steshenari yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Fotokopi, printa, laminesheni, kompyuta mbili, ila kazi inayoniingizia hela kuliko zote ni kuchapa barua. Maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, maombi ya kulipa ada kwa awamu, barua kwa mtendaji, andiko la kikundi, risala ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi, kadi za michango ya harusi, yaani kila aina. Na kitu nilichokiona kwenye zote ni kwamba barua zinazokwama mara nyingi ziliandikwa ili kumridhisha aliyeandika. Mtu ana dukuduku lake, analimwaga lote kwenye karatasi, akimaliza anajisikia mwepesi, anaona barua imekaa vizuri kweli kweli. Halafu inaenda kwa mtu ambaye hamjui, ana mafaili yamejaa mezani, na humo ndani hamna hata sentensi moja iliyoandikwa kwa ajili ya huyo mtu.

Nimeona nilielezee hili kwa kirefu kwa sababu Dodoma ni mji wa barua. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, lakini serikali ilipoanza kuhamia kweli kuanzia 2016 ndo wizara zikajaa, Mtumba kukajengwa mji mzima wa serikali, na siku hizi ukipanda daladala asubuhi huwezi kukosa mtu aliyetoka Kongwa au Bahi na bahasha ya kaki kwapani anauliza ofisi fulani iko wapi. Bahasha ile kuna mtu anaitegemea, ndani yake kuna ajira ya mtoto, kuna kiwanja, kuna kisima cha kijiji. Inaniuma sana ikigonga mwamba na wakati hoja walikuwa nayo.

Sasa bahasha ikifika ofisini inaenda wapi? Wengi wanadhani inaenda moja kwa moja kwa bosi aliyetajwa kwenye anwani. Inaenda masjala. Pale kuna mtu anaipokea, anagonga muhuri wa tarehe, anaangalia kichwa, ile YAH yako, anaamua iingie jalada gani na iende kwa nani. Kisha inamfikia afisa wa jambo hilo, yeye ndo anaisoma kwa utulivu, halafu anamwandikia mkubwa wake dokezo, mistari michache tu: fulani ameomba hiki, sababu zake ni hizi, nashauri hivi. Mkubwa anasoma dokezo, anaandika neno pembeni, imetoka. Kwa hiyo barua yako ina wasomaji watatu na anayeamua anaweza asifike hata kwenye aya yako ya pili.

Ndo maana mteja akija na karatasi zake mi huwa namwambia, mama, au kaka, tumwandikie yule afisa wa katikati dokezo lake. Tumpe sentensi mbili ambazo akizichukua zilivyo kazi yake imekuwa nyepesi. Na ile YAH tusiiandike "YAH: MAOMBI" peke yake maana pale masjala siku nzima ni maombi tu yanapita. Tuandike maombi ya nini, wapi, kabla ya lini. Ukishafanya hivyo umeshamsaidia mtu wa masjala na mtu wa masjala uliyemsaidia anaipeleka barua sehemu sahihi siku hiyo hiyo.

Haya mambo yana wenyewe waliyoyafikiria zamani sana. Mgiriki Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kizima kuhusu balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, na ndani yake anasema usemi wowote una vitu vitatu, msemaji, jambo linalosemwa, na anayeambiwa, na kwamba huyu wa tatu ndiye usemi wote unamlenga. Mi nilipolisoma hilo nikasema huyu mzee angekaa hapa kaunta kwangu wiki moja tungeelewana vizuri sana. Watu wakimtaja wanakimbilia zile njia zake tatu za kushawishi, ethosi yaani msikilizaji akuamini wewe, pathosi yaani umguse moyo, logosi yaani hoja yenyewe isimame. Ni kweli, ni za kujua. Ila ukishazijua bado hujajibu swali la huyu mtu mmoja aliye mbele yako anahitaji ipi kati ya hizo, na anahitaji ianze ipi.

Kuna sehemu nyingine ya Aristotle ambayo watu hawaisemi sana na mi naona ndo yenye msaada mkubwa kwa mtu wa kawaida. Aligawa semi kwa wakati. Maneno ya mahakamani yanahusu yaliyopita, nani alifanya nini, nani mwenye kosa. Maneno ya baraza, pale watu wanapoamua la kufanya, yanahusu yajayo. Na maneno ya kwenye sherehe au mazishi yanasifu au kulaumu na yanakaa zaidi kwenye sasa. Basi. Ukilielewa hilo tu utaanza kuona kwanini barua nyingi za wananchi haziendi.

Chukua mfano wa mtaani kwetu. Kuna njia inayopita korongoni kwenda shule, mvua ikinyesha maji yanashuka pale kwa nguvu watoto wanashindwa kuvuka. Wazee wakakaa wakaandika barua ya kuomba kalvati, wakaniletea nichape. Kurasa mbili na nusu, na karibu zote zilikuwa historia: nani aliahidi, kwenye mkutano gani, nani alikuja kupima akaondoka, nani alisema mwakani. Yote kweli, mi mwenyewe nilikuwepo kwenye baadhi ya hiyo mikutano. Lakini ile ni barua ya mahakamani. Msomaji wake hana uwezo wa kumhukumu mtu, anachoweza kufanya ni kuamua kama hela iingizwe kwenye mpango au isiingizwe. Umempelekea kesi mtu ambaye si hakimu, na tena mtu mwenyewe akisoma anajiona yeye ndo mshtakiwa, anaanza kujitetea kichwani kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.

Nikawaomba wazee, nikawaambia shikamooni tena, naomba tuikae hii kidogo. Tukahamisha barua yote iende mbele. Tunaomba kalvati moja, sehemu fulani, inatumiwa na watoto wa shule fulani, mwalimu mkuu ameambatanisha idadi ya wanafunzi wanaopita pale. Wananchi tutachangia mawe, mchanga na nguvu kazi, na majina ya waliojiandikisha haya hapa na sahihi zao. Historia yote ikabaki sentensi moja, kwamba eneo limeshawahi kupimwa na wataalamu. Hiyo sentensi moja ilitosha, maana kwa afisa inamaanisha kazi ya kupima huenda isianze upya.

Halafu likaja suala la lini. Mzee mmoja alitaka ipelekwe mvua zikianza, Desemba, ili waone hali halisi. Nikamwelewa, Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi, miezi iliyobaki korongo ni mchanga mkavu mtu anaweza akashangaa unaomba kalvati la nini. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linakaa hapa hapa kwetu kuanzia Aprili mpaka Juni, na halmashauri zinaanza kuandaa makadirio yao miezi mingi kabla ya hapo. Barua ya kuomba hela ikifika wakati hesabu zimeshafungwa, hata kama ina machozi, afisa hana pa kuiweka. Wagiriki walikuwa na neno lao kairosi, wakati unaofaa, na mi naamini kwa barua za serikali kalenda ya bajeti ndo kairosi yenyewe. Tukakubaliana ipelekwe mapema, na picha za msimu uliopita zilizokuwa kwenye simu ya kijana mmoja tukaziprinti tukazibandika nyuma. Maji yakaonekana bila kusubiri mvua.

Mfano mwingine ambao naupenda zaidi ni wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti. Walikuja kuandaa andiko la kuomba ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Wakaniletea rasimu imeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri sana, na inaanza hivi: sisi ni wanawake wajane na wenye maisha magumu, tunaiomba serikali yetu sikivu itutazame kwa jicho la huruma. Ikaendelea hivyo hivyo ukurasa mzima, misiba, madeni, watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa michango. Nilisoma nikanyamaza kidogo kwa sababu nawafahamu na hamna uongo hata mmoja pale.

Lakini jiweke kwenye kiti cha anayesoma. Kamati imepokea maandiko mengi, na karibu kila moja linasema maisha magumu. Huruma wanayo, ila hela ile si sadaka, inatakiwa irudi ili kikundi kingine kipate. Kinachowanyima usingizi ni kikundi kuchukua hela, kugombana, kuvunjika, halafu wao ndo wanaulizwa mliwapitishaje hawa. Andiko linalosema tuna shida sana linamwambia msomaji mwenye woga huo kwamba hela ikifika italiwa na shida. Yaani hoja yao bora kabisa ya kumliza mtu ndo inayomtisha mtoa mkopo.

Nikawauliza, mama zangu, hela mnazoingiza sasa hivi mnaziandika wapi? Mwekahazina akatoa daftari kwenye mkoba. Kaunta buku yenye jalada gumu, pembe zimeliwa, mafuta yamepenya karatasi za mwanzo mpaka zinang'aa ukiziinua kwenye mwanga. Safu zimechorwa kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, gunia, lita, mashudu, pesa, aliyepokea. Kila siku ya kukamua ina mstari wake. Siku mashine ya kukodi ilipoharibika imeandikwa, na siku waliyotapeliwa noti bandia imeandikwa pia, na wakaandika walivyochangishana kuifidia. Aisee, mi nikaona andiko lote limo humu.

Tukaanza na daftari. Tukaandika kikundi kinakamua kwa mashine ya kukodi, gharama ya kukodi kwa mwezi ni hii, mkopo utanunua mashine na chujio, gharama ya kukodi itakoma na hiyo ndo itakayokuwa rejesho. Mashudu yanauzwa kwa wafugaji na hela yake iko kwenye safu yake peke yake. Tukatoa kopi kurasa kadhaa za daftari zikawa kiambatisho, pamoja na ule ukurasa wa noti bandia. Wao walitaka kuuficha wakiona aibu, mi nikawaomba uwepo, maana pale msomaji anaona kikundi kilichopata hasara kikaibeba pamoja bila kuvunjika. Ndo ethosi hiyo, na haikuhitaji hata mtu mmoja ajisifie kwamba ni mwaminifu. Walipoitwa kuhojiwa waliulizwa zaidi kuhusu mashudu, nani ananunua, bei inapandaje kiangazi, na walijibu bila kushika karatasi.

Sasa zile habari za ujane tulizitupa? Hapana. Baadaye walitaka kuwavuta akina mama wengine wa mtaa wa pili wajiunge, na huko ujumbe ulianza kabisa na habari hizo, kwa sauti yao wenyewe, kwamba nilibaki na watoto sikujua pa kuanzia, nikakuta wenzangu. Kwa yule mama aliyebaki peke yake nyumbani na watoto, safu za mashudu hazimwambii kitu bado, anataka kwanza kujua kuna watu wanaomwelewa. Na kwa mama lishe wa sokoni Majengo wanaonunua mafuta ujumbe ulikuwa mfupi kuliko wote: alizeti, imekamuliwa wiki hii, njoo na dumu lako, bei hii. Kikundi kile kile, ukweli ule ule, maandishi matatu tofauti kabisa.

Kuna umri pia. Aristotle alikaa akaeleza vijana wako vipi na wazee wako vipi, akasema kijana ni mwepesi kuamini kwa sababu hajadanganywa mara nyingi, na mzee anasita kwa sababu ameishi sana na amedanganywa sana. Hilo nimeliona kwa macho kwenye VICOBA. Vijana wa bodaboda ukiwaelezea kikundi cha kuweka na kukopa swali la kwanza ni naweza kukopa mara ngapi ya nilichoweka, na baada ya muda gani. Bibi zetu swali la kwanza ni sanduku linakaa kwa nani. Kwa hiyo tangazo la akina bibi linaanza na sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, linafunguliwa mbele ya wanachama wote, hela inahesabiwa kwa sauti. Mambo ya mikopo yatafuata huko chini. Ukianza na faida kubwa kwa mtu aliyeshawahi kupoteza hela kwa walioahidi faida kubwa, umeshajiweka kundi moja na hao matapeli na hakuna hoja itakayokutoa humo.

Na hapa kwetu lipo pia lile la salamu. Mgeni akipanda jukwaani Dodoma akasema Mbukwenyi, wazee wanaitikia, uwanja unachangamka, na ni vizuri, ni heshima, mi napenda. Lakini wapo wanaodhani salamu ndo imemaliza kazi. Baada ya Mbukwenyi mtu anasoma hotuba ambayo ingesomwa vile vile Tanga au Mbeya, anaongelea migomba na kahawa kwa watu wanaolima uwele, mtama, alizeti na zabibu, na unaona kabisa nyuso zinavyopoa. Kwa mawazo yangu salamu ya Kigogo ni ahadi kwa wasikilizaji kwamba umewajua, kwa hiyo yanayofuata lazima yaonyeshe kweli umewajua.

Mfano mkubwa wa haya yote kwa Kiswahili tunao, na aliyetuletea ni Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, toleo la kwanza lilitoka 1963. Kuna ile sehemu Caesar ameshauawa, umati una hasira, Brutus anapanda kueleza kwanini walimuua. Anatoa hoja zilizonyooka: nilimpenda Caesar lakini niliipenda Roma zaidi, alikuwa na tamaa ya ukuu, mngependa kuwa watumwa? Umati unashangilia. Lakini sikiliza wanachosema wakishangilia, wanasema Brutus naye awe Caesar! Yaani mtu ametoka kuwaeleza kwamba hataki nchi iwe chini ya mtu mmoja, na wao wanataka kumvika yeye hiyo taji. Wamempenda msemaji, hoja haijaingia hata kidogo, na Brutus hakulitambua hilo, anashuka jukwaani anaondoka zake akimwachia Antony, rafiki wa Caesar, maiti na umati.

Antony yeye anawaangalia watu. Anajua hawana muda na falsafa ya dola. Anawaonyesha joho la Caesar na matundu ya visu, tundu moja moja, hili la fulani, hili la fulani. Anataja wosia halafu anakataa kuusoma mpaka wenyewe wamlazimishe. Na ndani ya wosia kila raia ameachiwa drakma 75, na bustani zake zimekuwa za watu wote. Hapo kila aliyesimama pale amejiona yumo kwenye habari. Ukitaka kujifunza kumsoma msikilizaji, kaa na hizo hotuba mbili uzilinganishe mstari kwa mstari, mi sijaona darasa zuri zaidi ya hilo.

Ila ukifika hapo usifunge kitabu. Endelea kidogo, sehemu inayofuata, umati ule ule uliowashwa na Antony unakutana barabarani na mshairi anaitwa Cinna. Anasema mimi ni Cinna mshairi, siye yule Cinna aliyekula njama. Wanamuua hivyo hivyo, kwa sababu ya jina. Shakespeare aliweka hiyo mara tu baada ya hotuba, na mi nashukuru aliweka, kwa sababu watu wakiniuliza kama kujifunza kushawishi ni kujifunza ujanja, jibu langu linaanzia kwa Cinna. Antony aliujua moyo wa msikilizaji kuliko mtu yeyote na aliutumia kuwaondolea watu akili. Kumjua msomaji ni nguvu, na nguvu hiyo inaweza kumdhuru msomaji mwenyewe na hata mtu anayepita njia.

Kwa hiyo mi nina mpaka wangu na wateja wanaujua. Nitabadilisha mwanzo, mpangilio, urefu, maneno, nitachagua lipi litangulie na lipi likae kiambatisho. Ukweli sibadilishi. Akija mtu anataka niongeze miaka ya uzoefu kwenye maombi ya kazi, au kikundi kinataka niandike wanachama ambao hawapo, tunaishia hapo, hata kama hela iko mezani. Na kipimo ninachotumia kwa yale yasiyo uongo wa wazi ni hiki: wasomaji tofauti ulioandikia jambo moja wakikutana wakasomeana ulichowaandikia, kuna atakayejiona amedanganywa? Akina mama wa alizeti, kamati ikisoma ule ujumbe wa wajane haitasema mlituficha. Mama lishe wakiona daftari hawatasema mlitudanganya bei. Mwanasiasa anayewaambia wakulima mifugo itaondolewa mashambani, kisha jioni anawaambia wafugaji hamtaguswa, huyo hana namna ya kusimama mbele ya wote wawili, na sisi wa mikoa ya kati tunajua migogoro ya namna hiyo ilivyogharimu watu.

Nyerere mwenyewe kwenye vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, Novemba 1978, alisimama mbele ya taifa zima kwa wakati mmoja, mkulima na mwanajeshi na mwalimu, akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ukiangalia utaona ni majibu ya maswali matatu aliyokuwa nayo kila mtu siku ile, tutaweza? tuna haki? viongozi mko tayari? Alijibu yote kwa maneno ambayo mtoto angeyabeba hadi nyumbani, na hakuna aliyeambiwa tofauti na mwenzake.

Na miaka mitano kabla, 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Hiyo ndo naitolea mfano kila nikipata nafasi. Wangeweza kutoa matangazo redioni tu, chimbeni vyoo, fukieni madimbwi, mwisho wa habari. Badala yake waliunda vikundi vya kusikiliza vijijini, karibu watu milioni 2 walishiriki, mkiwa pamoja mnasikiliza kipindi redioni, mnasoma kijitabu, halafu mnajadili wenyewe kuhusu malaria, minyoo, kuhara, na mnaamua wenyewe kijiji chenu kifanye nini. Watu walichimba vyoo kwa wingi. Aliyeandaa alielewa kwamba mtu mzima wa kijijini hapendi kuamrishwa na sauti ya redio, ila akikaa na jirani zake akafika kwenye uamuzi kwa mdomo wake, atautetea na atachimba. Mpaka leo nikiandika tangazo la mtaa la usafi siandiki mnatakiwa. Naandika swali la kujadiliwa mkutanoni na saa ya mkutano.

Jambo la mwisho ni la hizi meseji tunazotumiana sasa hivi kwenye simu. Nyingi zinazoenda vijijini, Mvumi, Hombolo, Mpunguzi, hazisomwi na aliyeandikiwa, anasomewa na mjukuu. Kwa hiyo sentensi ndefu yenye "ambapo" tatu inamshinda mtoto, na vifupisho vya "2taonana" na "xaxa" anavisoma mtoto vizuri ila bibi anaona hajaheshimiwa. Na usisahau kwamba ukiandika siri ya familia, mtoto ndo wa kwanza kuijua. Hapa kaunta huwa namwomba mteja aisome kwa sauti kabla sijaituma au sijaiprinti, na mara nyingi akifika katikati anasimama mwenyewe anasema dada, hapa toa, hapa mama hatapaelewa. Natoa, tunasoma tena kutoka juu.